Nina tiketi na lenzi ya 300, je getini watanipitisha?

"Habari mtaalamu. Nimepata tiketi mbili za mashindano makubwa ya riadha, naenda na mama. Nina kamera ya kubadilisha lenzi pamoja na lenzi ya 70-300, sio mpya ila ndo niliyonayo. Sasa masharti ya tiketi yameandika 'vifaa vya kitaalamu vya kupigia picha na kurekodi haviruhusiwi', basi, hawajaeleza zaidi. Mwenzangu mmoja anasema niitoe lenzi niifiche kwenye begi chini ya nguo, mwingine anasema wakiikuta wanaichukua moja kwa moja na picha zote wanafuta. Na mbona simu wanaruhusu wakati zinarekodi video kuliko hata kamera yangu? Tiketi nimelipia, wana haki gani ya kunikataza? Halafu mama haoni mbali, mara nyingi anatumia zumu ya kamera yangu kuangalia vitu. Naomba unisaidie kabla sijaharibu siku."

Ndugu yangu, umeuliza mambo kama matano hapo, lakini hofu naiona ni moja: usafiri wote huo, ufike getini na mama pembeni, mlinzi anyooshe kidole kwenye begi, foleni nyuma inaguna, na huna pa kuiacha kamera. Hofu hiyo ina msingi. Mimi mwenyewe nimeshawahi kurudishwa mlangoni nikiwa na kibali cha mpiga picha shingoni, kwa sababu mlinzi wa mlango ule hakuwa ameambiwa kibali cha rangi ile kinafananaje. Kwa hiyo siwezi kukuambia nenda tu haina shida, ila nikikueleza hayo makatazo yametoka wapi utaweza kubashiri mwenyewe nini kitapita na nini hakitapita.

Tuanze na hilo la "nimelipia", kwa sababu ndo linaloleta ugomvi mwingi getini. Ulicholipia ni ruhusa ya kuingia mahali pa mtu kwa masharti yake, ile mbio yenyewe hujainunua. Na ukiniuliza mbio ni mali ya nani, jibu linachekesha kidogo, maana kwa sheria za nchi nyingi si mali ya mtu yeyote. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema wazi mwaka 2011 kwenye kesi ya ligi kuu ya soka ya Uingereza kwamba mechi yenyewe sio kazi ya kutungwa kama wimbo au kitabu, kwa hiyo haina hakimiliki. Kinacholindwa ni matangazo yake, yaani zile picha za televisheni na michoro yao. Marekani nako mahakama ya rufaa ilishafika hapo hapo mwaka 1997 kwenye kesi ya ligi ya mpira wa kikapu, NBA.

Sasa kama mbio haina mwenyewe, wanakukatazaje? Hapo inabidi turudi nyuma miaka zaidi ya mia moja, tena kwenye maonyesho ya mbwa. Uingereza chama kimoja cha wafuga mbwa kiliandaa maonyesho kikaliuzia shirika moja la picha haki ya kupiga picha peke yake. Akaingia mpiga picha mwingine, akapiga zake, zikatoka kwenye jarida. Wakamshtaki, wakashindwa, na kwenye rufaa mwaka 1917 wakashindwa tena. Kwa nini? Waandaaji walikuwa na uwezo kamili wa kuweka sharti kwa kila anayeingia kwamba hamna kupiga picha, hawakuweka, basi huyo bwana hakuvunja chochote. Kutoka hapo kila mwandaaji alijifunza kwamba nguvu yake iko mlangoni na kwenye yale maandishi madogo ya tiketi ambayo hatuyasomi.

Na Australia mwaka 1937 ikaonekana nguvu hiyo inaishia wapi. Kulikuwa na uwanja wa mbio za farasi Sydney, jirani mmoja akakubali redio wajenge jukwaa kwenye eneo la nyumba yake, mtangazaji anapanda pale anaona farasi juu ya uzio na anatangaza mbio moja kwa moja, watu wakaanza kubaki nyumbani kusikiliza badala ya kulipa kiingilio. Mwenye uwanja akaenda mpaka Mahakama Kuu akashindwa, na jaji mkuu kwenye hukumu yake akasema kama hataki kuonwa basi ajenge uzio mrefu zaidi! Yule jirani hakuwa amenunua tiketi, hakuwa na mkataba na mtu. Wewe tiketi unayo. Ndo maana mbio za barabarani, kama marathoni au baiskeli, mtu anasimama ukingoni na lenzi ndefu kama bomba na hamna wa kumuuliza, ila ukishapita geti la uwanja hali inabadilika. (Ufaransa ni tofauti kidogo, kule sheria ya michezo yenyewe inawapa waandaaji haki ya kunufaika na tukio, hawategemei tiketi peke yake.)

Kwa hiyo wana haki, na ni haki ya kawaida kabisa ya mkataba. Ila mkataba huo huo unawabana na wao, usisahau, kama wameandika lenzi ya aina fulani inaruhusiwa basi una kitu cha kuonyesha.

Sasa kwa nini wanahangaika na kamera. Watu wanadhani ni ubora wa picha, hapana, au tuseme sio sana. Kubwa ni hela za matangazo. Televisheni inanunua haki ya kuonyesha peke yake kwa pesa nyingi mno, na kila video inayorushwa kutoka jukwaani inapunguza hiyo "peke yake". Mwaka 2014 ligi kuu ya Uingereza ilitoa onyo hadharani kwa mashabiki waliokuwa wanaposti vipande vya magoli kwenye Vine, mtandao wa video fupi wa wakati ule, vya sekunde sita tu. Michezo ya Olimpiki ya London 2012 masharti ya tiketi yalisema picha, video na sauti ni za matumizi binafsi na ya nyumbani, na video na sauti usizichapishe hata kwenye mitandao ya kijamii. Angalia walivyotenganisha, picha ya kawaida hawakuikaba hivyo, video na sauti ndo zilizowauma. Kuna viwanja vimeenda mbali zaidi, kanuni za viwanja vya ligi kuu ya Uingereza zinasema rekodi isiyo na ruhusa, hakimiliki yake inahamia kwa klabu na ligi. Yaani umerekodi wewe, kwa simu yako, na video ni yao. Kwa hiyo pamoja na kwamba hukuniuliza, nakuambia: picha za mama akishangilia posti upendavyo, ila mbio nzima kwa video, na hasa laivu, achana nayo hata kama simu wameiruhusu.

Kuna na jambo la kamari ambalo watu wengi hawalijui. Matangazo ya televisheni huchelewa sekunde kadhaa, na mtu aliyekaa uwanjani anayetuma matokeo hapo hapo anamwezesha mwingine kubeti kabla kampuni za kamari hazijajua. Kwenye tenisi ya Australian Open mwaka 2014 mtazamaji mmoja alikamatwa na polisi kwa kutuma pointi kwa kifaa alichokificha kwenye nguo, baadaye mashtaka yakafutwa, lakini tangu hapo mtu mwenye vifaa vya ajabu ajabu jukwaani anaangaliwa sana. Ukimuona mlinzi anakodolea macho waya na mabetri yako, usidhani anakuonea, ana maelekezo. FIFA kwenye kanuni zao za viwanja vya Kombe la Dunia waliwahi kuandika kabisa kwamba kamera ya matumizi binafsi inaruhusiwa ila na seti moja tu ya betri za akiba! Ukifikiria inaeleweka, mtu wa kupiga picha za kumbukumbu hahitaji betri sita.

Sababu ya usalama iko wazi, sitakaa nayo sana. Stendi ya miguu mitatu inaziba njia ya kutokea, fimbo ya selfi inamchoma jirani jicho (Wimbledon, yale mashindano ya tenisi ya London, waliipiga marufuku 2015), begi kubwa linachelewesha ukaguzi. Ligi ya NFL, ile ya futiboli ya Kimarekani, tangu 2013 inataka mabegi yanayoonekana ndani, na begi maalumu la kamera hawalikubali hata kama kamera yenyewe wanaikubali. Hilo lishike, maana kuna watu wanarudishwa kwa sababu ya begi wakidhani tatizo ni lenzi.

Na wanamichezo wenyewe je? Mwaka 1999 kwenye mbio za baiskeli za Tour de France, kupanda mlima wa Alpe d'Huez, mwendesha baiskeli Giuseppe Guerini alikuwa anaongoza karibu kabisa na mwisho, shabiki mmoja akasimama katikati ya barabara kumpiga picha, akamgonga akamwangusha. Bahati yake aliinuka akashinda hatua ile ile. Kwenye gofu, tenisi, kulenga shabaha, farasi, hata pale wakimbiaji wanapoinama kusubiri bunduki, mlio wa kamera au flashi ni shida kweli. Tena flashi mnajisumbua bure. Mwanga wa flashi unapungua kwa mraba wa umbali, ukiongeza umbali mara mbili mwanga unabaki robo, sasa ile taa ya simu inafika mita chache tu, wewe uko mita 80 kutoka kwenye mbio, unachoangaza ni visogo vya watu wa mstari wa mbele. Izime kabisa kabla hujaingia, usiiache iamue yenyewe.

Turudi kwenye "kitaalamu". Neno hili halina maana moja na ndo tatizo lenyewe. Mwandaaji makini anaandika kipimo, mvivu anaandika "kitaalamu" halafu anamwachia mlinzi, na mlinzi anapima kwa macho: lenzi inatoka? ni ndefu? ni nyeupe kama zile kubwa za waandishi? Basi, mtaalamu huyo. Hata ukipata palipoandikwa kipimo soma mara mbili, kwa sababu "urefu wa lenzi" ni vitu viwili tofauti. Wimbledon wanahesabu milimita za fokasi, yaani ile namba ya lenzi inayoonyesha inavuta mbali kiasi gani, lenzi inayozidi 300 haiingii, kwa hiyo yako ingepita pale. Viwanja vingi vya Marekani vinapima lenzi yenyewe kwa inchi, vingine 3 vingine 6, kama unavyopima tango kwa rula. Lenzi nyingi za 70-300 zikiwa zimefungwa zina sentimita kama 12 mpaka 15, na inchi 6 ni sentimita 15 na kidogo, kwa hiyo unapita kwa shida, ila ukizumu lenzi inajitokeza mbele na kofia yake ya kukinga jua ikiwepo ndo unazidi kabisa. Kwa pale pa inchi 3 hata usijaribu.

Na sasa simu. Umeuliza mbona simu wanaruhusu. Kwanza hawana namna, huwezi kukusanya simu za makumi ya maelfu ya watu getini na kuzirudisha usiku, na siku hizi tiketi yenyewe iko kwenye simu. Wanaoweza ni wachache wenye msimamo wao, mashindano ya gofu ya Masters pale Augusta National, Marekani, simu haiingii siku yoyote, na kamera ya picha za kawaida inaruhusiwa siku za mazoezi tu. Pili, ubora wa video ya simu hauna maana kama kitu kiko mbali. Tufanye hesabu kidogo. Umekaa mita 80 kutoka kwenye mstari wa kumalizia. Lenzi kuu ya simu, ambayo ni sawa na milimita 26 hivi kwenye kamera ya fremu kamili (ya ukubwa wa filamu ya zamani), inachukua eneo lenye kimo cha mita zaidi ya 70, mkimbiaji wa mita 1.8 anakuwa sehemu moja ya arobaini ya picha, kama sisimizi. Kamera yako kama ni ya daraja la APS-C, yaani kipande chake cha kupokea mwanga ni kidogo kuliko cha fremu kamili, kwa milimita 300 inachukua mita 4 na kidogo, mkimbiaji anajaza karibu nusu ya kimo cha picha. Umeona tofauti? Hiyo ndo wanayoiogopa, picha inayoweza kuuzwa.

Halafu kuna kitu kinachonichekesha kila mwaka. Zile kamera ndogo za mfukoni zenye zumu ya mara 30, ambazo zinafika sawa na milimita 720 za fremu kamili, zinapita getini bila mtu kuuliza kwa sababu lenzi haitoki na ikizimwa inajikunja ndani. Kwa hesabu ile ile mkimbiaji anajaza theluthi mbili ya picha. Inaona mbali kuliko lenzi wanayokukatalia! Sikudanganyi lakini, ina gharama yake: ikizumu mpaka mwisho inapitisha mwanga kama moja ya tano tu ya zile lenzi nene za waandishi, na kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo sana, kwa hiyo mchana wa jua utapata picha nzuri ila usiku chini ya taa, ukitaka kumgandisha mkimbiaji kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde, utapata chengachenga. 70-300 yako nayo usiku itahangaika, sema afadhali kidogo.

Ushauri wa kuificha lenzi sikubaliani nao hata kidogo, na sio kwa sababu ya uadilifu tu. Mabegi yanafunguliwa au yanapita kwenye mashine, na lenzi kwenye mashine inaonekana vizuri mno, mavioo yamepangana kama sahani. Ukiibeba wazi ikakataliwa wewe ni mtu aliyekosea sharti, wanakuelekeza pa kuiweka. Ukiificha wanajiuliza unaficha nini kingine, na tiketi yako yenyewe inaweza kufutwa hapo hapo. Na mama je?

Yule mwenzako wa pili, wa kuchukuliwa kamera, naye ametia chumvi, japo ana punje ya ukweli. Kwa ujumla mlinzi anaweza kukukatalia kuingia, kukutaka utoke, au kukupa chaguo la kuiacha kamera kwenye hifadhi yao, kama ipo, sehemu nyingi haipo. Kuichukua kuwa yao, au kukulazimisha ufute picha, ni jambo lingine, na hapo inategemea sheria ya nchi na kama anayeongea ni mlinzi wa kampuni au askari polisi. Ikitokea usivutane. Omba msimamizi wake, omba stakabadhi kama kitu kinabaki kwao, andika saa na geti. Kama kamera haikurudi au imerudi imevunjika, hilo mpelekee wakili wa nchi ile, mimi hapa nitakuwa nabahatisha tu.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Leo hii tafuta kanuni za uwanja, sio za tiketi peke yake, maana mara nyingi zipo mbili na za uwanja ndo zina vipimo. Kisha waandikie waandaaji barua pepe, taja kamera yako, lenzi yako, urefu wake kwa sentimita na kwa milimita za fokasi, uliza ndiyo au hapana. Usipige simu, kwa sababu "dada mmoja aliniambia kwenye simu" getini haina thamani. Jibu likija lichapishe kwenye karatasi. Wakikaa kimya mpaka wiki ya mwisho chukulia ni hapana, azima kamera ya mfukoni au nenda na simu na ukae ufurahie mbio. Na usifikirie kibali cha mwandishi, watu huniuliza sana hili, vibali vya wapiga picha vya Olimpiki kwa mfano hupitia kamati za Olimpiki za nchi na vinagawiwa kwa vyombo vya habari muda mrefu kabla, havitolewi kwa mtu mwenye tiketi na moyo wa kupenda.

Nimeliacha la mama mwisho kwa sababu kwangu ndo zito kuliko yote, na ndo lenye njia nzuri zaidi. Usilichanganye na barua ya kamera. Mashindano makubwa mengi yana dawati la watazamaji wenye mahitaji maalumu, waandikie hao peke yao, waeleze haoni mbali na anahitaji kifaa cha kukuza, uliza pia kama kuna viti vya karibu zaidi au maelezo ya mbio kwa sauti, maana mashindano mengine hutoa vifaa vya masikioni kwa ajili hiyo. Darubini ndogo kwa kawaida hairekodi kitu kwa hiyo hawana ugomvi nayo sana, na kwa macho yaliyochoka ile ya kukuza mara 8 inatulia mkononi kuliko ya mara 12 inayotetemeka. Ila kabla hujanunua mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Kama anatumia zumu ya kamera kuangalia vitu vya kila siku, huenda miwani yake imepitwa na wakati au kuna kitu kinachotibika kama mtoto wa jicho, na hilo linahitaji mtu amwangalie kwa kifaa, sio mimi kwa maandishi. Akishapimwa na lile dawati likikujibu, niandikie tena na kile kifungu cha lenzi walichokutumia, tukisome pamoja kabla ya siku yenyewe.